Mkunga na Pedi Yake

Katika kibanda changu cha gemu pale Tunduma, ukimpiga adui akafa ilikuwa marufuku kusema umemuua. Ulitakiwa kusema umemruhusu. "Popo wawili nimewaruhusu," mtu anatangaza, yaani popo wamekufa, wameruhusiwa kama wagonjwa waliopona na sasa waende kwao. Ukifa wewe, umepewa rufaa. Na lile benchi la mawe unalokalia ili gemu ikumbuke ulipofikia, ile ni zahanati. Sheria hizo sikuzitunga mimi mwenye kibanda. Zilikuwa za Mkunga, mteja tu kama wengine, ila jaribu kumwambia hivyo uone.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, na mimi sitaanza leo. Wenye adabu walimwita Sista. Alikuwa amestaafu wodi ya wazazi, na nusu ya vijana waliocheza kwangu walikuwa wamepita mikononi mwake wakiwa uchi wanalia, jambo ambalo hakuchoka kuwakumbusha mbele ya wachumba wao. Mimi alinizalisha watoto wote watatu. Wa kwanza, uchungu uliponizidi, nilimng'ata mkono, na alama ikabaki. Kila alipotaka soda ya bure alikuwa anakunja mkono wa blauzi polepole huku ananitazama.

Alivyoingia kwenye gemu nikikusimulia utasema nazua. Alikuja kuchaji simu. Siku hiyo Wakala, kijana wa kushughulikia nyaraka za malori forodhani, ambaye ndiye alikuwa fundi wetu wa kucheza, alikuwa amenyang'anywa kile kidude cha kushika mkononi chenye vitufe, ambacho sisi sote tunakiita pedi. Akapiga kelele, "Nipe pedi! Nasema nataka pedi yangu sasa hivi!" Mkunga akageuka. Akafungua mkoba wake, akapekua chini ya Biblia, akatoa pakiti ya pedi, zile za kinamama, akamwekea Wakala mapajani.

"Shika, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Mpelekee mwenzio, wala usione haya. Wanaume wote wangekuwa kama wewe tungekuwa mbali."

Jamani! Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Wanaobadilisha fedha waliacha kwacha zao barabarani wakaja kuchungulia kuna nini. Wakala alibaki ameshika pakiti kwa mikono miwili, hajui airudishe au ashukuru, na Mkunga, alipoelezwa, hakucheka hata kidogo. Alisogeza kiti, akasema basi na aione hiyo pedi nyingine inafanya kazi gani.

Gemu aliyoipenda ilikuwa moja tu. Kuna binti mdogo mwenye taa kichwani na mkuki mfupi, anatafuta njia katika mji uliozama chini ya ardhi. Anaruka juu ya mawe yanayoelea, anaparamia kuta, anapigana na popo, na uyoga wenye meno, na askari wa chuma walioota kutu. Hakuna anayekuelekeza. Milango mingine haifunguki mpaka upate uwezo mpya, kama kuruka mara ya pili ukiwa bado hewani, halafu ndipo urudi kulekule ulikotoka. Mkunga akikuta mlango wa namna hiyo hakukasirika kama wenzake. "Njia haijafunguka," anasema, kwa sauti ileile aliyoniambia mimi nikiwa kitandani, na anaenda zake kuzunguka kwingine.

Yule binti alimwita Mwanafunzi, kwa maana ya mwanafunzi wa unesi, na makosa yote yalikuwa ya Mwanafunzi. Akitumbukia kwenye miiba: "Umeona? Hasikilizi huyu." Akiruka vizuri: "Nimeruka." Na kuruka kwenyewe, Mungu wangu, aliruka na mwili mzima. Mwanafunzi akipaa, Mkunga anapaa na kiti. Pakiwa na moto chini, anakunja miguu juu na viatu vyake vyeusi vya kanisani, na haishushi mpaka moto upite. Viti viwili vya plastiki aliniulia. Samahani, aliniruhusia.

Kisha kulikuwa na hodi. Katika gemu ile kuna kuta za uongo, ukizipiga zinabomoka na nyuma yake kuna chumba cha siri. Wenzake waliokota vyumba hivyo kwa bahati. Mkunga alipiga kila ukuta, mmoja baada ya mwingine, na kabla ya kupiga alisema, "Hodi." Hodi, pa! Hodi, pa! Tulimcheka wiki nzima, tukimwambia Sista, huo ni mwamba, hauna mwenyewe. Siku ya nane ukuta ukabomoka, na ndani kulikuwa na kiatu cha mabawa ambacho Wakala alikitafuta tangu kibanda kifunguliwe. Tangu siku ile hakuna mwanamume aliyepiga ukuta kwangu bila hodi. Madereva wa bodaboda wenye misuli namna hii, na hodi zao za adabu, utafikiri wamekwenda kuposa.

Kupigana alipigana kivyake. Vijana wangu wakimwona adui wanabonyeza vitufe vyote kwa pamoja na kuomba Mungu. Mkunga alisimama kwanza. "Tazama mabega," alikuwa anasema. "Akivuta pumzi, anakuja. Akishusha, ni wako." Na alijisemesha kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Pumua... pumua... usisukume bado... nimesema bado... haya, SUKUMA!" Hapo Mwanafunzi anachoma mkuki na adui anaruhusiwa.

Sasa kuna siku dereva mmoja Mzambia, lori lake likiwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, alizisikia kelele hizo akiwa amekaa kwenye usukani. Alichosikia yeye ni mwanamke anajifungua ndani ya kibanda cha mbao. Kumbe alikuwa na roho nzuri. Akaingia mbio, chitenge begani, dumu la maji mkononi, jasho linamtiririka. "Bamayo, mama mzazi, yuko wapi? Boda nimeshaisimamisha, iko nje, inanguruma!"

Mkunga hakugeuza hata jicho. "Kaa hapo, mwanangu. Bado sentimita mbili."

Na akakaa! Alikaa mpaka foleni ikasogea ikamwacha, malori ya nyuma yakapiga honi mji mzima ukajua. Kila alipopita Tunduma baada ya hapo alikuja kuuliza mtoto anaendeleaje.

Usidhani alikuwa malaika. Aliruka foleni kwa kisingizio cha uzee, na ukimpisha kwa sababu ya uzee ananuna. Jumapili asubuhi, akipita kwenda kwaya, alinitikisia kidole kwa kufungua kibanda siku ya Bwana. Saa nane mchana wa Jumapili hiyohiyo yeye ndiye wa kwanza kwenye kiti, bado na joho. Kisha alichukia kusaidiwa. Wakala kila siku alimwambia, "Lete nikuvushe hapo, Sista," na hapa kwetu mpakani kuvusha kila mtu anajua ni kuvusha magendo. Akajibiwa, "Mimi sivushwi. Mimi siyo sukari."

Chini ya hayo yote kulikuwa na mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Si sana mwanzoni, kama simu inayoita bila sauti. Hiyo mikono ndiyo iliyomtoa wodini mapema, kabla moyo wake haujawa tayari. Aliniambia mara moja tu, tukiwa wawili, nafagia. Kwamba siku moja alimpokea mtoto, akaona vidole vyake vinacheza, na akamkabidhi nesi kijana, na kesho yake akaandika barua ya kustaafu. Hakumdondosha. Alirudia mara mbili kwamba hakumdondosha. Lakini toka siku ile, akasema, mikono hii naiona kama nimeazimwa. Nilitamani kumkumbatia, nikaogopa kutukanwa, nikaendelea kufagia.

Ndipo tulipofika kwenye mlango wa wodi.

Chini kabisa ya ule mji uliozama kuna lango kubwa la chuma, na juu yake yameandikwa maneno ya Kiingereza, lakini yaliyobaki kusomeka ni herufi nne tu: WARD. Mkunga alifika pale akiwa hoi, Mwanafunzi amebakiwa na tone moja la uhai. Akaliona lile neno, uso ukamng'aa. "Wodi!" akasema. "Tumepona." Akaingia mbiombio kutafuta kitanda. Ndani mlikuwa na jitu lenye magamba, kubwa kama lori lenye tela, limejikunja duara. Lilimpa rufaa kabla hajasema hodi.

"Sista, hiyo siyo wodi," Wakala akamweleza. "Hapo inamaanisha ulinzi. Ni mlango wa kulindwa."

"Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote," Mkunga akasema, "leo wewe ndiye wa kunisomea wodi?"

Hakuna aliyewahi kulishinda lile jitu kwangu. Wakala mwenyewe lilikuwa limemliza, kulia kwa kweli, alisingizia vumbi. Lilitupa mawe ya moto, lilipiga mkia, na kila baada ya muda lilinguruma na tumbo lake likawa jeupe na gumu, mkuki unadunda. Likinyamaza, tumbo linalegea, na hapo ndipo kila mtu alipolirukia kulichoma, na ndipo lilipozidi kuwa kali. Lakini Mkunga alikuwa ameshasema ni wodi, na katika wodi aliyemo ni mgonjwa, basi. Kwa siku tatu hakupigana. Aliingia, akakwepa mawe, akatazama. Siku ya nne aliinuka kwenye kiti, akaenda kwenye runinga, akaweka kiganja chake kinachotetemeka juu ya kioo, pale kwenye tumbo. Likanguruma. Akahesabu kimoyomoyo. Likanguruma tena.

"Nyie," akasema taratibu. "Huyu hapigani. Huyu ana uchungu."

"Ana hasira tu, Sista," mmoja akasema.

"Hasira haiji kwa vipindi. Huyu ameshikwa na uchungu, na nyie miezi yote hii mnamchoma mkuki. Kila mkimchoma mnamrudisha nyuma. Aibu yenu."

Akatuonyesha. Usipomgusa kabisa, ngurumo zinakaribiana. Zinakaribiana zaidi, mpaka zinafuatana, na hapo kwenye gamba la mgongoni unatokea ufa mwembamba wenye mwanga. Wakala alishika kichwa akaita mama yake. Miezi yote ile tulikuwa wanaume wazima na mimi mwenye kibanda, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kutompiga!

Ila ufa hauji chini. Lazima uruke, ushike ukuta, uruke tena, uruke tena hewani, kisha uchome mkuki kuelekea chini, mara moja, wakati anasukuma. Vitufe vitano kwa pumzi moja. Na hapo vidole vya Mkunga vilimsaliti. Kila mara kidole kilitetemeka kikabonyeza mara mbili, Mwanafunzi akaanguka, njia ikajifunga, tukaanza upya. Kila siku. Nilimwona akivikunja vidole na kuviangalia kwa chuki.

"Siri si umeshaipata?" Wakala akamwambia, na safari hii hakutania. "Nipe nimalizie, Sista. Dakika moja."

Akakataa. Akasimama akatugeukia wote. "Huyu ni mgonjwa wangu. Nikimpitisha kwa mikono hii, nitajua bado ni yangu. Nisipompitisha, basi. Lakini asiguswe na mtu."

Na hakuguswa. Sikiliza, Tunduma hii ninayoijua mimi, ukiacha ndala mlangoni unarudi kwenu pekupeku. Lakini mgonjwa wa Mkunga hakuguswa. Wachezaji walizunguka mji wote uliozama, wakaruhusu kila kiumbe, wakifika kwenye lile lango wanageuka. Asubuhi moja niliwahi kufungua, nikamkuta Wakala nje ananisubiri, akaomba acheze mapema kabla ya kazi. Nilijifanya nahesabu chupa za soda. Alimpeleka Mwanafunzi mpaka mbele ya lango, akasimama naye pale kwa muda mrefu. Kisha akamkalisha zahanati, akazima, akaenda forodhani bila kuniaga.

Kisha binti yake Mkunga akaja kumchukua. Ni mwalimu, anakaa Ruanda, kule Mbozi, kwenye shamba la kahawa la mumewe, na ni mtu wa msimamo. Alisema mama presha inapanda, mikono imezidi, na mtu mzima kushinda kwenye kibanda cha gemu ni upuuzi. Mkunga hakubishana naye, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliaga kila mtu kwa jina la mama aliyemzaa. Mimi aliniambia tu, "Umwangalie mgonjwa." Nililia, na mimi sikusingizia vumbi.

Mwaka mzima tukakaa hivyo. Mwezi wa saba uliopita nikamwambia Wakala atoe gari. Tukafunga mashine kwenye blanketi, runinga ndogo nikaipakata mwenyewe, tukapanda Mbozi. Kahawa ilikuwa imeanikwa kila uwanja. Nilimkuta amekaa barazani, amepungua, mikono yake juu ya magoti haitulii hata kidogo. Chai aliwekewa nusu kikombe ili isimwagike.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Hajaguswa," Wakala akajibu haraka kuliko mimi.

Binti yake alituangalia mimi, Wakala na lile blanketi, na nilijua hana hamu na sisi. Alinivuta pembeni. "Mama hayuko vizuri," akasema. "Kutwa anagonga meza. Pa, pa, kimya, pa, pa, pa. Mwaka mzima. Daktari nimemwambia ugonjwa umeingia kichwani."

Mkunga alikuwa amesikia. "Kichwani kwa nani? Nilikuwa nafanya mazoezi."

Akaomba meza. Akaomba khanga, akaikunja mara nne, akailaza juu ya meza, na pedi akailaza juu ya khanga, haijashikwa na mtu. "Vidole vimestaafu," akatuambia. "Viganja bado." Akaiweka mikono juu ya pedi, akabonyeza kwa shina la kiganja, kwa uzito wa bega, kama mtu anayekanda unga. Ile mikono bado ilitetemeka, lakini kiganja ni kikubwa, kinatetemeka na kitufe hakijali.

Alipewa rufaa mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu Mwanafunzi alikosea, si yeye. Ya nne aliingia, hakumgusa, akakwepa mawe, kushoto, kulia, miguu yake imekunjwa juu ya kiti. Ngurumo zikakaribiana. Wakala aling'ata kola ya shati lake. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema polepole, "Pumua, mama. Pumua," na alikuwa binti yake, amesimama na ungo wa kahawa, hajui kama amesema. Ufa ukatokea. Pa, pa, kimya, pa, pa.

"SUKUMA!" tukapiga kelele wote wanne, na kiganja kikashuka.

Gamba likapasuka. Lile jitu kubwa likalaza kichwa chini, likatoa pumzi ndefu, na kutoka mgongoni pake kikatambaa kiumbe kidogo kilicholowa, kina mabawa yaliyokunjamana, kikaja moja kwa moja miguuni pa Mwanafunzi kutafuta joto la taa. Nyuma yao lango likaanza kufunguka. Wee! Wakala alitoka nje akakimbia kuizunguka nyumba mara mbili, kuku wakipaa, akawapigia majirani kelele kwamba amezaa. Mimi nilikuwa nacheka na kulia na kumpiga Mkunga mgongoni bila adabu yoyote.

Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mdogo, kama anapumua. Alipoona kifua kinapanda, akainua mikono yake kutoka kwenye pedi.

"Saa ngapi?"

Nikatazama simu. "Saa nane na dakika kumi na saba."

"Andika," akamwambia binti yake.

Yule mwalimu aliyetuita wapuuzi akaweka ungo chini, akatafuta karatasi, hakuona, akachomoa kalamu nyweleni akaandika kwenye kiganja chake mwenyewe. Kisha akabaki ameishika kalamu, macho yamemjaa maji.

"Na mkunga nimwandike nani?"

"Mimi."